Mtumbwi Uliogeuka Bila Mtu

Mwaka 1979, wakati wa vita, kijiji chetu cha ujamaa kando ya ziwa, wilayani Biharamulo, kilikuwa na mtumbwi mmoja mkubwa wa mbao. Mlinzi wake alikuwa Novatus. Kila jioni aliutia nanga, akarudi nyumbani kwa mkewe, Marsiana.

Mwenyekiti wetu, Anatoli, alikuwa amehamia kutoka Nyakahura. Ng'ombe aliwajua. Mitumbwi hakuijua, lakini hakukosa la kusema.

Asubuhi moja alimwambia Novatus, "Jana jioni mtumbwi ulitazama ziwani. Leo unatazama nyumba zetu. Tena ubavu umekwaruzwa. Usiku unampeleka nani kwa adui?"

"Sijampeleka mtu, Mwenyekiti."

"Umejigeuza wenyewe? Kesho mgambo watakuchukua. Ukawaeleze wao."

Majirani wakaacha kumsalimu Marsiana. Hata mimi niliacha, na hadi leo naona aibu.

Marsiana alikwenda kwa mzee Ndikumana, aliyefanya kazi melini miaka mingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alipokwisha kusikia habari yote, mzee alisema, "Mwite Mwenyekiti. Tukae ufukweni tuutazame mtumbwi, mtu asiupande."

Tulikaa. Saa tano asubuhi upepo wa ziwani ulianza. Mtumbwi ukageuka taratibu, ukatazama ziwani. Kisha ukayumba kushoto na kulia, mpaka ubavu ukagonga jiwe.

Anatoli alikunja uso. "Kuna mtu anavuta kamba chini ya maji."

"Ingia uangalie," alisema Ndikumana.

Aliingia kweli. Alitoka amelowa, hana kitu mkononi.

Ndikumana akaeleza. "Mtumbwi umefungwa kamba ya nanga kwa mbele, kwa hiyo mbele hutazama upepo unakotoka. Usiku upepo hutoka nchi kavu, mchana hutoka ziwani."

"Na kuyumba?" aliuliza Novatus.

"Upepo husukuma ubavu mmoja. Kamba ikikaza, huurudisha. Unapitiliza, na upepo unashika ubavu wa pili."

"Tufanyeje?"

"Usogeze mbali na jiwe. Ongeza urefu wa kamba. Toa turubai ulilofunika mbele, linakamata upepo. Weka nanga ya pili. Kamba zote mbili zitoke mbele, ziachane kama miguu ya mtu aliyesimama. Upepo ukigeuka, mtumbwi bado utageuka, lakini kuyumba kutapungua. Kila asubuhi kagua kamba zisijisokote."

Novatus alifanya hivyo mchana uleule. Kesho yake mtumbwi ulikuwa umetulia, hauna mkwaruzo mpya.

Mgambo walifika. Anatoli aliwaambia, "Rudini. Novatus hana kosa. Nilikosea mimi."

"Sema tena, Mwenyekiti," alisema Marsiana. "Majirani walioko nyuma hawajasikia."

Akasema tena.