Vifungo Vyepesi vya Afra

Skii ya kushoto, ubao wa kutelezea thelujini, ilichomoka mguuni mwa Afra walipokuwa wameanza tu kushuka kutoka mgongo wa mlima Steinjoch. Haikuwa na breki, wala ugwe wa kuishikiza kwenye buti. Iliteleza taratibu kama inayosita, kisha ikaingia ukunguni na kutoweka. Afra alibaki mguu mmoja juu ya skii na mwingine umezama thelujini hadi gotini, upepo ukimchapa barafu usoni.

Rosina, wifi yake, alikuwa mbele hatua kumi. Aligeuka, akautazama ule mguu mtupu.

"Ugwe uko wapi?"

"Nyumbani."

Rosina alirudi zile hatua kumi, akasimama kando yake.

Wiki mbili nyuma, kule bondeni, mzee Kassian wa duka la skii alimpangia Afra juu ya meza aina tatu za vifungo vya kushikia buti kwenye skii. Vya kwanza vilikuwa kama vya Rosina: fremu nzima ya chuma inayolishika buti kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, nzito kama tofali. Vya pili vya wastani, vyenye breki. Vya tatu Afra alipovinyanyua alidhani vimebaki vipande vingine ndani ya sanduku. Kila kimoja hakikuzidi uzito wa mayai manne. Pini mbili mbele, pini mbili nyuma, basi.

Kassian alimweleza yote bila kumficha. Hivyo vilikuwa vya watu wa mashindano. Ugwe usivuliwe hata siku moja. Tena barafu ikijazana chini ya springi ya mbele, buti litaonekana limekamata, kumbe limedanganya. Alimshauri achukue vya wastani.

"Goti langu bovu, na kupanda mlima ni mwendo wa saa sita," Afra alimjibu. "Mimi nataka kufika, Kassian."

Na kweli hilo ndilo alilolitaka. Mumewe, Vitus, alipanda Januari kulinda nyumba ya wapanda milima ya Gamskar, ng'ambo ya Steinjoch. Mwezi wa pili alipiga simu kusema ameombwa abaki mpaka mwisho wa kiangazi. Afra alikuwa na unga hadi viwikoni, peke yake katika duka lao la mikate, na mikate ya kijiji kizima. Akamwambia, "Basi uoe huo mlima wako," akakata. Siku mbili baadaye dhoruba iliangusha mnara wa simu, na maporomoko ya theluji yakaifunga njia ya chini.

Wiki tano hakuisikia sauti yake. Helikopta iliyopeleka chakula ilirudi na habari moja tu, kwamba yu mzima. Afra aliendelea kulala upande wake wa kitanda, upande ule mwingine shuka halina hata kunyanzi. Kila asubuhi alikata ncha ya mkate mweusi wa nafaka ya rai, kipande akipendacho Vitus, akakiweka pembeni. Jumamosi alikuta mfuko umejaa ncha zilizokauka, akaketi chini sakafuni.

Ndiyo maana alichagua vyepesi. Hata ule ugwe aliuvua jana yake, kwa sababu ulikuwa ukimgongagonga kwenye buti. Aliona aibu sasa kuikumbuka sababu yenyewe.

"Maji yamebaki kiasi gani?" Rosina aliuliza.

"Nusu chupa ya chai. Imeanza kuganda."

"Tia ndani ya koti. Hatuwezi kushuka na skii tatu, theluji itatumeza. Tunaifuata."

Walifunga kamba kiunoni. Rosina alichomeka skii zake thelujini, akaizungusha kamba juu yake, na Afra akashuka kinyumenyume akifuata mfereji mwembamba ulioachwa na skii. Hatua ishirini. Arobaini. Mfereji ulikuwa ukijaa mbele ya macho yake. Kamba ilipokaribia kwisha aliona jiwe jeusi, na kando yake ncha ya skii imesimama kama kidole.

Kupanda kurudi kulimmaliza pumzi. Kisha buti likakataa kukamata. Lililia *tak* kama kawaida, akaliinua, likachomoka. Kassian alikuwa amesema kweli. Chini ya springi barafu ilikuwa imeshindiliwa ngumu kama glasi. Afra alivua glavu, akaipulizia pumzi, akaikwangua kwa ncha ya kisu. Kisu kiliteleza kikamchana kidole gumba. Damu ilidondoka juu ya theluji na yeye hakusikia maumivu, jambo lililomtisha Rosina kuliko damu yenyewe.

"Lete huo mkono," alisema, akauingiza chini ya sweta lake, tumboni kwake kabisa. "Mungu wangu, baridi kama ya maiti. Kaka yangu akisikia nimekuua, atanitoza maelezo."

"Kama bado anajali."

"Wifi, usinichekeshe. Yule mtu alipanda na sweta lako ndani ya begi. Nilimfungashia mimi."

Afra alimtazama. Hakuwa akijua.

Mbele yao ulibaki mteremko mmoja mpana, ulionenepa theluji mpya. Vifungo vyake vilikuwa na kikomeo cha mbele. Akikikaza, skii haitachomoka tena. Lakini theluji ikimporomokea, skii zitabaki miguuni na kumvuta chini kama nanga. Akikiacha, buti linaweza kumponyoka katikati ya mteremko.

"Vya kwangu vitajifungua vyenyewe," Rosina alisema. "Vyako uamue mwenyewe. Sikushauri."

Afra alikaza vikomeo vyote viwili, akatangulia peke yake.

Hakuitazama miguu. Aliteleza kwa mstari mmoja, magoti yamelegea, akihesabu pumzi. Alipofika kwenye mwamba wa upande wa pili alisikia nyuma yake mlio mzito, kama gunia la unga lililotupwa darini. Ufa ulikatiza mteremko pale alipopita, na uwanja mzima wa theluji ukaondoka na kuzama ukunguni.

"Rosina!"

"Niko huku, sijaanza," sauti ilijibu, ikitetemeka. "Sasa njia imefagiliwa. Nakuja."

Alivuka juu ya ukoko mtupu wa barafu, akamkumbatia Afra bila utani wowote.

Ndipo wakasikia kengele. Vitus alikuwa amesikia poromoko, na kila aliposikia poromoko alitoka kugonga kengele ya mlangoni, endapo kuna mtu ukunguni anayetafuta njia. Walishuka wakiifuata, ukungu ukigeuka kijivu cha jioni, mpaka paa likatokea.

Vitus alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe mashavuni. Aliacha kamba ya kengele ikibembea. Vidole vya Afra havikuweza kufungua vikomeo, kwa hiyo Vitus alipiga magoti thelujini akavifungua, akiishika miguu yake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Duka umemwachia nani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Limefungwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka theluji iyeyuke. Nyanyuka, Vitus. Niache nikuone uso."

Akanyanyuka.