Minza Awasha Taa

Jua lilikuwa limezama. Minza alikaa kwenye keria ya baiskeli, amemshika shangazi Kabula kiunoni. Walikuwa wanarudi nyumbani kutoka mnadani.

Barabara ilianza kupotea. Minza hakuiona hata miguu yake.

"Shangazi, giza limetumeza!"

"Ngoja uone," alisema shangazi.

Akashuka. Akasukuma kichuma kidogo, kikagusa tairi. Hicho kinaitwa dinamo. Wakaondoka.

Zuuu, zuuu, zuuu!

Taa ikawaka! Mawe yakaonekana. Majani yakaonekana. Chura naye akaonekana, akarukia dimbwini, chubwi!

"Shangazi! Nani ameiwasha?"

"Miguu yangu. Nikikanyaga pedali, tairi linazunguka. Tairi likizunguka, taa inawaka."

Minza akabaki mdomo wazi.

Zuuu, zuuu, zuuu!
Taa mbele, taa nyuma, tuonekane!

"Minza!"

"Abee, shangazi."

"Hebu tazama nyuma. Taa nyekundu inawaka?"

Minza akageuka. Aliona giza tupu.

"Haiwaki, shangazi!"

Mara, nguuu... Lori lilikuwa linakuja nyuma yao.

Shangazi akatoka barabarani haraka. Wakasimama kwenye majani.

Vuuum! Lori likapita. Dereva hakuwaona kabisa. Moyo wa Minza ukapiga du, du, du.

Wakaipapasa taa ya nyuma gizani. Kumbe ilikuwa imejaa tope! Minza akaifuta kwa pindo la gauni lake. Akafuta, akafuta, mpaka ikatakata.

Zuuu, zuuu, zuuu!
Taa mbele, taa nyuma, tuonekane!

Minza akageuka tena. Lo! Vumbi la barabarani limekuwa jekundu.

"Inawaka, shangazi! Inawaka!"

Nguuu... Lori jingine hilo. Minza akamkumbatia shangazi kwa nguvu.

Nguuu... nguu... ngu. Lori likapunguza mwendo. Likapita mbali nao, polepole.

"Nimewaona tangu kule mbali!" dereva akaita.

Minza alilitazama lile lori likienda. Lilikuwa kubwa kama nyumba.

"Taa ndogo hivi," akanong'ona, "imelituliza lori kubwa vile!"

Walipofika nyumbani, shangazi aliisimamisha baiskeli kwa stendi. Gurudumu la nyuma likaning'inia.

"Haya, zungusha wewe."

Minza akashika pedali kwa mikono miwili. Akazungusha kwa nguvu zake zote.

Zuuu, zuuu, zuuu!

Mwanga ukapanda ukutani. Ukapita paa. Ukagusa majani ya mpapai, juu kabisa!

Mama akatoka mlangoni, akasimama.

"Minza, mwanangu! Umeutoa wapi mwanga wote huo?"

Minza aliitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

Na usiku ule alilala ameiweka yote miwili chini ya shavu lake.