Sindano Mbili za Mama

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba Mama alifumba jicho moja akimimina chai.

Ilikuwa mwaka wa 2006, nyumbani kwetu Kanduyi, Bungoma. Mama alikuwa fundi wa nguo. Kutwa cherehani yake ililia barazani. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Niliona haya mbele ya watu, kwa hiyo nilikaa kando yake.

"Lenah, sindano!" aliita. Nami nikamtungia uzi.

"Mama, mbona siku hizi hutungi mwenyewe?"

"Naona sindano mbili. Sijui ya kweli ni gani."

Kanisani kwetu miwani ilikuwa ya kila mtu. Ilipita kwenye benchi kama sahani ya sadaka. Mama alijaribu ya mzee Wepukhulu, akajaribu na ya jirani yetu Rispah. Herufi zilikuwa kubwa zaidi, lakini bado zilikuwa mbili mbili.

Kisha alishona kombo mkono wa gauni la arusi la Nabwile, binti wa Rispah.

"Mama Lenah, kama huwezi, si useme?" Rispah alisema. "Nipeleke kitambaa kwa fundi mwingine."

"Ningojee kidogo," Mama alijibu. Alifuta cherehani polepole, kama mtu anayeiaga.

Tulikwenda kliniki ya macho, Kitale. Daktari alimpima kwanza, asije akawa na ugonjwa mwingine. Kisha muuguzi Jeruto akainua kidole.

"Mama, funika jicho moja. Vidole vingapi?"

"Kimoja."

"Sasa tazama kwa yote."

"Viwili."

"Basi kila jicho linaona. Shida ni kwamba hayatazami mahali pamoja. Miwani ya kukuza haitakusaidia. Unahitaji lenzi ya prizimu."

Alituonyesha kioo kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili.

"Hiki hupinda mwanga. Kinasogeza picha ya jicho moja mpaka ikutane na ya jicho lingine."

"Nitaona wazi?"

"Picha zikiwa moja, utaona wazi. Mwanzoni sakafu inaweza kuonekana imeinama. Pembeni mwa herufi unaweza kuona rangi kidogo. Wengi huzoea. Usipozoea, rudi. Na usiazime mtu! Imepimwa kwa macho yako tu."

Akanigeukia mimi. "Nawe ukumbuke: mtu akianza ghafla kuona vitu viwili, asingojee miwani. Aende hospitali siku hiyo hiyo."

Miwani ilipokuwa tayari, Mama alitunga uzi mwenyewe. Alifumua ule mkono, akaushona upya. Gauni la Nabwile likakaa vizuri.

Siku ya arusi, Rispah alinyoosha mkono kwenye benchi. "Nipe hiyo miwani, bana. Nisome Zaburi moja tu."

Kabla Mama hajakataa, Rispah alikuwa ameivaa.

"Weee! Ati mapasta wawili!"

"Basi Nabwile atabarikiwa mara mbili," Mama alisema, akichukua miwani yake. Tulicheka mpaka wimbo ukatupita.

Sasa Mama hayupo. Cherehani iko kwangu, na mlio wake ni ule ule.

Mama, nilifurahi ulipoona. Lakini tangu siku ile hukuita tena, "Lenah, sindano!" Nilikaa kando yako na uzi mkononi, nikingoja. Sikukuambia. Nilipenda sana kuitwa.