Kadi ya Mkono wa Kushoto

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi kati ya makabati mawili ya chuma, miwani bado iko usoni, kiatu kimoja kimemtoka. Kisogoni palikuwa na jeraha moja. Moja tu. Aliyempiga hakurudia.

Inspekta alichuchumaa akaangalia bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miaka ishirini kazini na magoti ya kumlaumu kila akiinama, na hakupenda vyumba ambavyo kila kitu kimekaa mahali pake. Hiki kilikuwa hivyo hasa. Postikadi za kampeni za uchaguzi, za zamani, maelfu kwa maelfu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, zimepangwa kwa miaka na kwa vyama. Wagombea ambao wengi wao walishazikwa zamani walikuwa wanatabasamu ukuta mzima.

"Ndiyo maana mtaani walimwita Mzee Kadi," Koplo alisema.

"Silaha?"

"Chuma chake cha kugandamizia kadi zilizojikunja. Kilo mbili na ushei. Kimefutwa, afande. Hakina alama hata ya kidole kimoja."

"Daktari anasemaje?"

"Kati ya saa nane na saa kumi, alasiri hii hii."

"Kimeibwa nini?"

Koplo alinyoosha kidole kwenye albamu iliyokuwa wazi mezani. Mfuko mmoja ulikuwa mtupu.

Aliyemkuta marehemu ni binti yake wa pekee. Ndiye aliyekuwa akimpigia chapa kitabu chake kuhusu kadi hizo. Alikuwa amekaa sebuleni, amekumbatia bahasha ya karatasi.

"Pole, mama. Nitakuuliza machache tu. Leo alikuja nani hapa?"

"Mume wangu. Saa nane."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia baba tunahama. Amepata uhamisho wa kazi. Baba hakutaka niondoke kabla kitabu hakijaisha. Wakagombana."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa mlangoni, naenda kutoa nakala. Nimerudi saa kumi na nusu, nikamkuta hivyo."

"Ulisikia nini ulipokuwa mlangoni?"

Yule mwanamke alitazama sakafu, akatazama bahasha, akasema kwa sauti ndogo, "Alisema, 'Siku moja hizi kadi zako zitakuua.'"

Mtu akishatamka maneno kama hayo, nani atamsikiliza tena? Kabla jua halijatua mkwe alikuwa mahabusu, mkanda na kamba za viatu vimewekwa kwenye mfuko wa karatasi. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kitasa cha mlango. Mkuu wa Kituo alifurahi wazi.

"Mtu unaye, maneno yake unayo, alama unazo. Jumatatu asubuhi afikishwe mahakamani kwa kosa la kuua. Unataka nini tena, Inspekta, ushushiwe malaika?"

"Kadi sina, Afande."

"Kadi si mtu. Kadi haifungwi."

Jumapili asubuhi Inspekta alimtoa mkwe mahabusu, akamketisha mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. Shati lilikuwa lile lile la jana.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Iliyotolewa kwenye albamu."

"Niichukue ya nini, afande? Mimi nilikuwa nazikimbia."

Inspekta nusura acheke. Akajizuia.

"Ulisema zitamuua."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira. Nikaondoka, nikatembea peke yangu mpaka hasira ikashuka." Kisha Inspekta akaona jambo likimwingia taratibu. "Hayo maneno tulikuwa watatu tu. Mmoja amekufa. Ni mke wangu aliyewaambia?"

Inspekta aliinamia daftari lake.

"Basi andikeni mnavyotaka," mkwe alisema.

Inspekta alikuwa amewahi kuona wauaji wakilia, wakicheka, wakiomba chai. Hakuwahi kuona mwuaji akikata tamaa kwa sababu ya mkewe na akasahau kabisa kitanzi. Muda ulikuwa unakimbia, na kesho asubuhi gari la mahakamani lisingemsubiri mtu.

Alirudi kwa binti wa marehemu.

"Kadi iliyochukuliwa ilikuwa na nini?"

"Ile ndiyo fahari ya baba. Zamani kulikuwa na uchaguzi, chama kimoja alama yake mkono wa kulia juu, wapinzani wao mkono wa kushoto juu. Sasa kadi za yule mgombea wa kulia zikatoka picha imegeuzwa. Akaonekana anainua wa kushoto. Watu wakasema kaasi chama chake. Akashindwa vibaya. Kadi zikachomwa zote, ikabaki ile."

"Nani aliigeuza?"

"Mchapaji. Nilipiga chapa mwenyewe maelezo yake." Alitoa karatasi kwenye bahasha akasoma: "'Kosa la mchapaji mlevi, aliyefungwa miaka mitatu kwa hujuma.'"

"Baba yako alijuaje?"

"Alikuwa karani wa kampeni ile."

"Na maelezo haya nani mwingine ameyaona?"

"Hakuna. Labda fundi anayejalidi sehemu za kitabu zilizokwisha. Yeye anashona tu."

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Kulikuwa na harufu ya gundi, nyuzi nene zimetundikwa msumarini, na mabunda ya kurasa yamebanwa kati ya mbao. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye ncha za vidole ngumu. Alifuta kiti kwa kiganja kabla ya kumkaribisha mgeni.

"Mzee, ulikwenda lini mara ya mwisho kwa marehemu?"

"Ijumaa, mwanangu. Kumpelekea jalada alichague."

"Jumamosi?"

"Sikutoka hapa."

"Hicho kitabu umekisoma?"

"Kusoma kwangu ni kwa kuungaunga. Mimi kazi yangu ni mgongo wa kitabu, tumbo nawaachia wenyewe."

Jibu lilikuwa zuri, na Inspekta alilipenda. Alifungua daftari lake mezani, akaandika mistari miwili harakaharaka. Mzee alikuwa amekaa upande wa pili, maandishi yamegeuka juu chini kwake.

"Samahani, mwanangu," alisema kwa adabu. "Hapo kwenye 'marehemu' umeruka herufi. Umeandika 'maremu'."

Inspekta alitazama. Kweli, alikuwa ameandika 'maremu'. Alisahihisha, akashukuru, akaaga. Nje alisimama kando ya vioo akampigia simu rafiki yake wa zamani katika kiwanda cha chapa.

"Nani anaweza kusoma mwandiko wa mkono juu chini, harakaharaka, akaona hata herufi zilizorukwa?"

"Mpangaji herufi wa zamani," rafiki alijibu bila kufikiri. "Sisi tulizisoma zimepinduka siku nzima, zile herufi za madini ya risasi za kuchapia. Mpaka leo gazeti la mwenzangu nalisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Ananichukia."

Inspekta alirudi ndani. Safari hii alifunga mlango.

"Mzee, ulijifunzia wapi kusoma juu chini?"

Mikono ya fundi ilisimama juu ya uzi.

"Sikulazimishi. Naomba nikwambie jambo moja tu. Mkwe wa marehemu yuko mahabusu. Kesho asubuhi anasomewa shitaka la kuua. Na aliyempeleka huko ni mkewe mwenyewe, kwa neno alilolisikia mlangoni."

"Mkewe?"

"Mkewe. Anaamini."

Uso wa mzee ulibadilika. Alikaa chini polepole, akauweka uzi magotini.

"Huyo kijana hana kosa," alisema mwishowe. "Mtoeni."

"Una haki ya kunyamaza, mzee. Ukisema nitaandika, na maandishi hayo yatakwenda mahakamani."

"Andika. Na usiruke herufi."

Inspekta aliandika.

"Picha niliiona ina walakini. Saa ya mgombea ilikuwa mkono wa kulia, wakati kila siku aliivaa kushoto. Nikamwuliza karani aliyeleta filamu: hii si imegeuzwa? Yeye ndiye aliyebandika kwenye filamu karatasi ya 'upande huu'. Akaniambia, chapa kama ulivyoletewa, huna mamlaka. Nikachapa. Mambo yalipoharibika alisema nilikuwa nimelewa. Mwanangu, mimi pombe sijaionja mpaka leo."

"Karani huyo ndiye marehemu."

"Ndiye. Alivyozeeka sikumtambua. Na yeye hakunitambua. Nimemfanyia kazi miaka minne tukiitana rafiki. Wiki hii nashona kurasa, nikakutana na maneno yale. Jumamosi saa tisa nikaenda. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwomba neno moja tu litoke. 'Mlevi.' Mengine yote yabaki."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anayekumbuka utundu wake wa shule. Akasema, ile karatasi niliibandika vibaya mimi, lakini nani atajali? Mchapaji mlevi ndiye anayeipa kadi utamu. Kisha akanipa mgongo, akarudi kuipangusa." Mzee alitazama viganja vyake. "Chuma kilikuwa pale. Sikupanga kuua, lakini safari hii sisingiziwi. Nilipiga mimi. Kadi nikaitoa ili maneno yale yakose pa kukaa."

Aliinuka, akafungua mbao mbili zilizobana jalada tupu, akaitoa. Mtu wa suti, anatabasamu, mkono wa kushoto juu.

"Miaka mitatu ya jela niliimaliza," alisema. "Lakini mke wangu aliamini kwamba nilikuwa nimelewa. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, alijua pumzi yangu, na bado akaamini. Hiyo sijaimaliza."

Inspekta alimpa muda wa kufunga karakana yake vizuri. Hakumfunga pingu.

Saa nane mchana mkwe alirudishiwa mfuko wa karatasi. Alipitisha mkanda kiunoni, akafunga kamba za viatu, akatia sahihi. Kwenye benchi la mapokezi mkewe alikuwa anamsubiri na shati safi lililopigwa pasi, amelishika kwa mikono miwili lisijikunje.

"Mume wangu," alisema. "Nilisema nilichokisikia tu."

"Najua."

"Baba alikuwa chini pale. Sikujua la kufanya."

"Najua," alirudia, na hakuonyesha hasira. "Mimi ungeniuliza, ningekujibu."

Akatoka. Alishuka ngazi za kituo, akavuka barabara, akaenda zake bila kuongeza mwendo wala kugeuka.

Mwanamke alibaki amesimama na shati. Inspekta akamvutia kiti.