Mteremko wa Pili

Asubuhi hiyo nilikamua mbuzi saba tu kati ya kumi na wanane, na karibu wote walinipiga teke.

"Ninjin, mbuzi wanaujua mkono wenye wasiwasi," mama alisema huku akininyang'anya ndoo. "Hebu nenda kavae!"

Ningetuliaje? Saa sita mchana, walimu wa shule ya muziki huko makao makuu ya mkoa wangefunga mlango wa usaili. Nafasi zilikuwa tatu tu. Halafu kituo cha mafuta kijijini kwetu kilikuwa kimekauka tangu juzi.

Baba alikitazama kipimo cha mafuta. "Robo tanki. Gari hili la haibridi, la mafuta na betri, hunywa kidogo. Tutafika."

Baba alikuwa ameendesha malori miaka ishirini. Gari hili aliletewa na shangazi kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar, wiki moja tu iliyopita. Siku hiyo baba alikuwa malishoni, kwa hiyo shangazi alinieleza mimi: "Akikanyaga mafuta taratibu, betri itaisaidia injini. Akishuka mlima, asilitoe gari kwenye gia, maana hapo magurudumu ndiyo yanayochaji betri. Mwambie baba yako." Sikumwambia. Nani amfundishe baba yangu Chuluun, dereva wa lori, kuendesha gari?

Nilipakata zeze langu, tukaondoka. Baba alikanyaga mafuta hadi mwisho. Kwenye kilele cha kwanza tulilizunguka rundo la mawe mara tatu, kama ilivyo desturi yetu ya kuombea safari, kisha akasukuma gia nyutro, yaani akalitoa gari kwenye gia.

"Hivi ndivyo sisi wa malori tunavyosafiri bure!" alicheka, akaanza kuimba.

Tuliteremka kwa kasi, lakini alama ya betri haikupanda hata kidogo. Ulimi uliniwasha. Hata kuuliza tutafika saa ngapi sikuweza, kwa maana kwetu swali hilo njiani huita balaa. Tulipofika tambarare injini ilinguruma, mshale wa mafuta ukashuka, na taa nyekundu ikawaka. Zilibaki kilomita sabini. Baba aliacha kuimba.

Kwenye kilele cha pili niliuona mkono wake ukienda tena kwenye gia.

"Baba, usiweke nyutro!"

"Unasemaje wewe?"

"Shangazi alisema ukiliacha kwenye gia betri itajaa!"

"Alisema lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ebo! Wiki nzima umekaa nalo tumboni?"

"Nilikuogopa," nilisema, machozi yakinilengalenga.

Baba alinitazama, akautazama mteremko, akauondoa mkono. Gari likashuka polepole, kama linalovutwa kwa nyuma. Alama za betri zikaanza kupanda.

"Tatu!" nilipiga kelele. "Nne! Baba, sita!"

Chini ya mlima injini ilizimika na gari likaendelea kimya kimya kwa betri. Kuanzia hapo baba aliendesha kama mtu aliyebeba bakuli la chai lililojaa hadi ukingoni. Injini ikiwaka, alikanyaga kidogo tu. Akiona kona mbali, aliinua mguu mapema. Malori yalitupita yakitupigia honi. Nilitamani kumwambia aongeze mwendo, nikaikalia mikono yangu.

Tulifika saa sita kasoro dakika nane, taa nyekundu ikiwa bado inawaka. Mlinzi alikuwa ameshaushika mlango. Nilikimbia, nikakaa, nikapiga zeze.

Jioni walisoma majina. Langu lilikuwa la pili. Nilimrukia baba nusura nimwangushe.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Sasa nisikilize. Mafuta yale ningeyaokoa tangu mlima wa kwanza. Mimi nilikosea kudhani kila gari ni lori, na wewe ulikosea kudhani heshima ni kunyamaza mkubwa wako anapokosea. Siku nyingine ukijua jambo, sema kwanza. Kuniogopa, utaniogopa baadaye."