Gari Lililoburutwa Kutoka Yadi ya Bwana Asali

Hii nimesimuliwa na mkaza mwanangu, ambaye ni inspekta wa upelelezi, Jumapili iliyopita tukikunja nguo za watoto. Mwanangu alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu: stesheni wagoni la mtumba, linalovuta kwa magurudumu yote manne, linalotutosha sote na mizigo. Alikuwa ameshalipenda mpaka halali. Mkewe akasema, "Kabla hujampa mtu hata senti, kaa hapo nikusimulie la Mkunga." Tukakaa. Naliandika kama alivyolisema.

Inspekta alifika yadi ya magari asubuhi na Sajenti wake. Kwenye mstari wa magari ya kuuzwa palikuwa na pengo, kama jino lililong'olewa.

"Lilikuwa hapa," alisema mwenye yadi. Watu walimwita Bwana Asali, kwa ulimi wake. "Stesheni wagoni la kijivu, otomatiki. Gari la familia hasa. Jana jioni nimeliacha, leo halipo."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, afande, namjua. Ni yule Mkunga wa zahanati ya kilimani. Ufunguo pekee anao yeye."

"Ufunguo wa gari lako unakaaje kwa mteja?"

"Alininyang'anya!"

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jana yake Mkunga alikuja yadini na watoto watano, wakajaribu viti vyote mpaka vya nyuma kabisa. Akalikubali gari. Ila akasema halichukui mpaka kesho yake mkaguzi wa magari wa polisi alinyanyue na kulitazama tumbo. Bwana Asali akakataa katakata. Mkunga akachomoa ufunguo, akautumbukiza kifuani, akamwambia mbele ya wateja, "Gari hili nitalichukua, upende usipende. Na kama unautaka ufunguo, njoo uutoe." Hakuna aliyethubutu.

"Mlinzi wako alikuwa wapi usiku?" Inspekta aliuliza.

"Nilimpa ruhusa. Mkewe anaumwa."

Inspekta alitembea hadi langoni, akainama. Kwenye lami kulikuwa na mistari miwili myeusi, sambamba, imetoka nje na kukata kushoto.

"Vijana wa pikipiki hao, afande," alisema Sajenti. "Wanachezesha matairi."

"Pikipiki gani ina magurudumu mawili ubavu kwa ubavu?"

Sajenti alitoa kamera akaanza kupiga picha eneo la tukio.

Mkunga aliletwa kituoni akiwa na sare yake ya kazi. Aliuweka ufunguo mezani kabla hajaulizwa.

"Unajua kwa nini uko hapa?" Inspekta alianza.

"Kwa sababu yule bwana ana ulimi na ninyi mna masikio."

Sajenti alikohoa ili asicheke.

"Ulimwambia gari lake utalichukua apende asipende?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Ningesemea chooni angenisikiaje?"

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani na watoto."

"Una shahidi?"

"Ninao watano. Watatu wangu, wawili wa marehemu dada yangu. Mdogo ana miaka minne. Mhoji, lakini ujiandae, na yeye atakuhoji."

"Kwa nini uling'ang'ania gari likaguliwe?"

Hapo Mkunga aliuzungushazungusha ufunguo mezani.

"Dada yangu alinunua kama hilo, yadi hiyohiyo. Aliambiwa linavuta magurudumu yote manne. Kwetu ni kilimani, mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni. Alifika nusu ya kilima, gari likarudi kinyumenyume hadi korongoni. Watoto walirushwa nje wakapona. Yeye hakutoka. Wenzenu wakaandika: uzembe wa dereva." Aliinua macho. "Dada yangu alikuwa mtu wa kufunga mkanda hata gari likiwa limeegeshwa. Uzembe gani?"

"Na bado ukarudi kwa mtu yuleyule?"

"Nilitaka gari na nilitaka jibu. Vyote viwili viko kwake."

"Saini hapa kwamba ulichukua ufunguo na gari."

"Ufunguo nasaini. Gari sisaini. Hata mkinilaza hapa mpaka nizeeke."

Mkuu wa kituo alimwita Inspekta ofisini. Alikuwa mtu mzuri wa kupenda kesi ziishe mapema, na ukuta wa kituo ulikuwa umepakwa rangi mpya kwa hisani ya Bwana Asali.

"Ufunguo anao, vitisho alitoa, mashahidi wapo. Unangoja nini? Mfungulie mashtaka kabla ya saa kumi."

"Mkuu, akishtakiwa, ustawi wa jamii watawachukua wale wawili wa marehemu. Malezi ya kudumu bado hajapewa. Watapelekwa kituo cha yatima."

"Hayo angeyafikiria kabla ya kuiba."

"Mwenye ufunguo huwasha gari akaenda zake. Lile limeburutwa. Aliyeliburuta ndiye asiye na ufunguo."

"Labda kaliburuta ili tuseme hivyohivyo unavyosema."

"Basi hati hiyo saini mwenyewe, Mkuu. Mimi sisaini."

"Unanipinga?"

"Nakupinga. Nipe mpaka hiyo saa kumi."

Mkuu alifungua faili jingine, kama mtu ambaye hakusikia. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Walifuata ile mistari myeusi. Pengine ilipotea, mbele ikatokea tena, nene zaidi, na vipande vya mpira kando ya barabara. Ikaiacha lami na kuwa mifereji miwili kwenye vumbi, hadi nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa. Hapo, chini ya turubai, palikuwa na stesheni wagoni la kijivu.

"Wee!" Sajenti alisema.

Matairi ya mbele yalikuwa mazima. Ya nyuma yalikuwa yamesagika sehemu moja tu, mpaka nyaya zimechungulia, na moja lilikuwa limepasuka. Chini ya bampa ya mbele rangi ilikuwa imekwanguliwa na mnyororo.

"Lilining'inizwa mbele, likaburutwa nyuma," Inspekta alisema. "Kwa gari la brekidauni. Tazama breki ya mkono."

Sajenti alichungulia. "Iko chini, afande. Na mpini umepanguswa. Hatutapata alama za vidole."

"Gia?"

"Ya kuegeshea."

"Bila ufunguo haitoki hapo. Sasa fikiri, Sajenti. Mtu ameshusha breki ya mkono. Akaamini magurudumu ya nyuma yatazunguka yenyewe. Kwa nini hayakuzunguka?"

Sajenti alikuna kichwa. Inspekta, ambaye alikulia gereji ya baba yake, alitandika mtandio wake chini na kuingia uvunguni na tochi. Kwenye magari haya kuna propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiwepo, gia ya kuegeshea hufunga mbele na nyuma pamoja. Ukitolewa, gari huvuta kwa mbele tu, na ya nyuma huwa huru.

Propela ilikuwepo. Imepakwa grisi vizuri, inang'aa.

Inspekta alitoka na vumbi kichwani, akitabasamu. "Aliyeliiba alidhani halina propela. Twende tukamtafute mtu mwenye sababu ya kudhani hivyo."

Fundi wa yadi alikuwa anafungua injini nyuma ya ofisi. Wote walimwita Ndiyo Bosi, kwa maana kinywani mwake hapakuwa na neno jingine.

"Lile wagoni la kijivu lilikuwa na kasoro?" Inspekta alimuuliza.

"Ndiyo, afande. Lilikuwa linavuma. Likikata kona linajibana."

"Bosi wako akakwambia utoe propela, livute kwa mbele tu, lisivume."

Spana ilimponyoka fundi. "Ndiyo."

"Ukamwambia umetoa."

"Ndiyo."

"Umetoa?"

Fundi aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Hapana."

Sajenti aligeuka kumtazama vizuri.

"Gari halikuwa bovu," fundi alisema, na sasa maneno yalimtoka kama bomba lililozibuka. "Tairi moja lilikuwa na kimo tofauti na wenzake. Magari haya hayataki hivyo, matairi manne lazima yalingane. Nikatoa manne yanayolingana kwenye gari jingine, nikafunga. Likanyamaza. Bosi akaliendesha, akasikia kimya, akanipigapiga begani. Nikamwacha aamini anachotaka."

"Kwa nini hukufanya alivyokuamuru?"

"Kwa sababu la kwanza nilifanya. Lile la dada yake Mkunga. Nilisema ndiyo bosi. Sasa nimechoka kusema."

"Utayarudia haya kwa maandishi? Atakufukuza kazi."

"Anifukuze. Mikono ni yangu."

Saa tisa na nusu Bwana Asali aliketi chumba cha mahojiano, amekunja nne, akidhani amekuja kuchukua gari lake. Mlango uliachwa wazi. Kwenye benchi la korido Mkunga alikuwa amekaa wima, mikono kaikunja. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama dirishani.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia. "Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

Bwana Asali alicheka. "Afande, mimi ndiye niliyeibiwa."

"Mlinzi wako nimeongea naye. Hana mke. Anauliza kama huyo mke uliyempa ni mzuri, umpelekee posa."

Kicheko kilikatika.

"Brekidauni yako jana ilikuwa wapi?"

"Gereji. Mbovu."

"Ina rangi ya kijivu kwenye mnyororo. Wataalamu wetu wa uchunguzi wa kisayansi wanailinganisha sasa hivi."

"Rangi ya kijivu iko kila mahali! Afande, tumia akili. Gari la magurudumu yote manne huwezi kulining'iniza mbele ukaliburuta nyuma. Utasaga matairi. Kila mtoto wa yadi anajua. Mimi niliyezeekea kazi hii nifanye ujinga huo?"

"Ungefanya kama ungejua halina propela."

"Basi ndiyo hivyo, lile halina prope—"

Alifunga mdomo. Maneno yalikuwa yameshatoka.

"Gari unalouza kwa tangazo la magurudumu manne," Inspekta alisema taratibu. "Umejuaje halina?"

Bwana Asali aliishusha miguu.

"Na ujue kwamba unakosea. Linayo. Nimelala chini yake nikaigusa. Fundi wako hakuitoa."

Bwana Asali aliinuka nusu. "Aliniambia ametoa!"

"Alikudanganya. Kaa chini."

Alikaa. Lakini hakulia wala hakuomba msamaha. Alijikunjua, akakaza shingo.

"Haya. Nililivuta mimi. Nilitaka kulizamisha kwenye shimo la machimbo, ila tairi likapasuka pale tanurini nikaliacha. Yule mwanamke angelipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi angeona halina propela. Halafu mngekwenda kulichungulia lile la dada yake, mmeliweka nyuma ya kituo hapo linaota majani. Nilijua mtakachokikuta."

"Ulijua tangu lilipoanguka?"

"Nilijua."

"Na ukaniletea mimi huyu mama nimfunge, watoto watawanywe."

"Watu wanataka gari kubwa, zuri, lisilopiga kelele," alisema Bwana Asali. "Nawapa wanachotaka. Wanapiga viti, wanafungua redio, wanauliza rangi. Nani huangalia tumboni?"

"Mimi," alisema Mkunga.

Alikuwa mlangoni. Sajenti alitaka kumzuia, Inspekta akampa ishara amwache.

"Ungemwacha akague," Inspekta alimwambia Bwana Asali, "gari lingepita. Lilikuwa zima. Leo angelipa, ungemuaga kwa heri."

Hilo ndilo lililomvunja. Aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Sajenti alimfunga pingu.

Mkuu wa kituo aliondoka dirishani. Baadaye alituma watu wawili nyuma ya kituo wakakate majani.

"Uko huru, dada," Inspekta alisema. "Gari litabaki hapa kama kielelezo."

"Kesi ikiisha nitalifuata."

"Bado unalitaka?"

"Lina kosa gani? Mwenye kosa mmemfunga pingu. Ila mlitie matairi ya nyuma, manne yalingane. Na lile neno uzembe mlifute. Nitakuja kila Jumatatu mpaka mlifute."

"Njoo," Inspekta alisema. "Mimi mwenyewe nitakufungulia mlango."

Alimpeleka nyumbani kwa gari la polisi hadi chini ya kilima, kwa maana juu zaidi halikuweza. Wakapanda kwa miguu, giza likianza kuingia. Watoto walikuwa wamekula, wamenawa, na wameapa hawalali. Wanne walikisahau kiapo upesi usingizi ulipowakuta. Mdogo, yule wa marehemu, alikaa katikati ya kitanda, amejikaza.

"Mama mdogo, walikufunga?"

"Walijaribu."

"Na sisi, atakuja mtu wa kutuchukua?"

"Aje aone."

Mtoto aliridhika. Aliuweka mguu wake juu ya mguu wa mama yake mdogo, kumzuia asiondoke, akalala. Mkunga hakutaka kumsogeza. Aliegemea ukuta, akasema atapumzika kidogo tu kisha avue viatu. Inspekta alirudisha mlango polepole. Kabla hajapiga hatua ya kwanza ya kushuka kilima alisikia ndani koromo la mtu mzima.