Nani Anatukatia Mtandao?

Kila asubuhi ya likizo Cheche alifagia sebule kabla mama yake hajaanza kazi. Ilibidi amalize mapema, kwa sababu mama alifanyia kazi pale pale kwenye meza ya chakula. Alivaa vipokea sauti masikioni, akafungua kompyuta, akaanza kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Simu zote zilipitia kwenye mtandao. Akishaanza, hakuna kupiga kelele ndani ya nyumba, hata kukohoa ovyo ni kosa.

Cheche lilikuwa jina la utani. Alilipata kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka.

Asubuhi hiyo mama alikuwa akimtuliza mteja mmoja mkali. "Pole sana, baba. Naomba nikuangalizie..." Akanyamaza. "Haloo? Haloo?" Taa ya modemu ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Mtandao ulikuwa umekatika.

Mama alivua vipokea sauti akavibwaga mezani. "Tena! Msimamizi ameshanionya. Nikiendelea kuwakatikia watu namna hii, kazi sina!"

"Mimi namjua anayetukatia," Cheche alisema, ameegemea ufagio. Akaelekeza kidevu chumbani. Huko alikuwamo binti wa mjomba wake, aliyeletwa kukaa nao wakati baba yake akifanya kazi mbali. "Kabla hajaja, mtandao ulikuwa mzima. Kaja na tableti yake, na shida zikaanza. Wewe huoni, mama?"

Binti wa mjomba alitokeza mlangoni. "Shangazi, mimi nasomea hesabu tu. Hata video sifungui."

"Muongo!"

"Muongo nani?"

"Wewe! Umekuja kutumalizia mtandao!"

Mama, ambaye kichwa chake kilikuwa kinawaka moto, hakutaka kusikiliza kesi. Alinyoosha mkono. "Lete hiyo tableti. Nitakaa nayo mpaka nimalize kazi."

Binti wa mjomba aliitoa, akarudi chumbani.

Haikusaidia kitu. Tableti ilizimwa ikafungiwa drooni, na bado mtandao ulikatika kabla ya chakula cha mchana, ukakatika tena baadaye. Cheche hakukubali kushindwa. "Basi huwa anaichezea modemu tukimpa kisogo."

Hapo binti wa mjomba alilipuka. "Nimechoka! Mtandao ukikatika ni mimi, kesho maji yakikatika nitakuwa mimi! Tangu nifike hapa hujaniambia hata neno moja zuri. Nampigia baba aje anichukue!" Akaingia chumbani, akaanza kutupia nguo begini.

Mama alisimama katikati ya sebule, asijue amfuate nani. Mwishowe alichukua simu, akamwita fundi wa kampuni ya mtandao.

Fundi alifika siku hiyo hiyo. Alikuwa mwanamke mwenye haraka zake, begi la vifaa begani.

"Fundi," mama alimuuliza hata kabla hajakaa, "tableti moja ya mtoto inaweza kuuangusha mtandao namna hii?"

"Bado sijui, mama. Ngoja kwanza nipime."

Alifungua kebo nyuma ya modemu, akaichomeka kwenye kifaa cha kupimia. Akakunja uso. "Mawimbi yanayofika hapa ni dhaifu mno. Ndiyo maana modemu inashika, inaachia, inashika, inaachia." Akatoka nje, akapima pale kebo inapoingilia ukutani. "Huku nje yana nguvu za kutosha. Basi yanapotelea humo ndani, njiani."

Alirudi sebuleni, akaanza kuifuata kebo kwa vidole kando ya ukuta. Ilimpeleka moja kwa moja hadi chumba cha wasichana. Cheche alikuwa nyuma yake, na ghafla akakumbuka. Siku ile mgeni alipofika, yeye alipandwa na hasira ya kugawana chumba. Alilisukuma kabati kwa bega mpaka likagota ukutani, ili ajitengee upande wake. Alisikia kitu kikipasuka huko nyuma, wala hakujali.

Fundi alilivuta kabati. Kebo ilikuwa imebanwa ikakunjika, na ganda lake limepasuka mpaka nyaya za ndani zikaonekana.

"Tatizo lenu hili hapa," fundi alisema. "Nani alisukuma kabati hili?"

Mama aligeuka, akamtazama binti wa mjomba aliyekaa kitandani kando ya begi lake. Yule msichana hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Hapo ndipo Cheche alipochomwa moyo. Angekaa kimya, lawama zingemwangukia yule yule.

"Ni mimi," alisema. "Mama, usimwangalie yeye. Nililisukuma mimi. Nilikuwa na hasira."

Fundi aliiondoa kebo iliyoharibika, akaweka mpya, akapima tena. Taa ya modemu ikatulia, naye akaaga akaenda zake.

Mama alifunga mlango, akarudi chumbani kwa wasichana. "Yule fundi nilimuuliza kuhusu tableti, akasema hajui, akapima. Sisi hatukupima chochote. Wewe ulimchukia mwenzako kwanza, halafu ukamtafutia kosa la kumpachika. Na mimi, mtu mzima, nikalipokea bila hata swali." Akamgeukia binti wa kaka yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea."

Kisha akamtazama Cheche. "Kukasirika si kosa. Kosa ni kumtwisha mtu jambo ambalo huna hakika nalo, hata ukiwa na hasira za namna gani."

"Nisamehe," Cheche alimwambia binti wa mjomba.

"Leo siwezi. Bado nimekasirika."

Cheche hakuwaka. "Sawa. Una haki. Lakini usiondoke."

"Siondoki." Binti wa mjomba alianza kuzitoa nguo begini, akizitupa kitandani moja moja. "Ila ukiniita muongo tena, utanitambua!"

"Akikuita hivyo tena," mama alisema, "njoo kwangu. Safari hii nitauliza kwanza."